Nilipunguzwa tumbo miezi 7 iliyopita. Ramadhani hii nifunge?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38. Miezi 7 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi: tumbo likakatwa kikabaki kifuko kidogo, utumbo ukaunganishwa hapo. Nilikuwa na kilo 124, leo nina 91. Kisukari kimetulia mpaka daktari amenisimamishia dawa zote za sukari. Nimebaki na kidonge kimoja cha presha, kile cha kukojoza. Alhamdulillahi.

Ramadhani imebaki miezi miwili. Daktari aliniambia nisifunge mpaka mwaka utimie, lakini nikasema moyoni, acha nijipime kwanza. Jumatatu iliyopita nikafunga sunna. Mpaka adhuhuri nilikuwa mzima kabisa, njaa sikuisikia hata kidogo, nikaona madaktari wanatutisha bure. Ilipofika alasiri kichwa kikaanza kugonga, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Nikainuka nikatawadhe, macho yakaingia giza, nikajikuta niko sakafuni. Sikufungua. Magharibi ilipoingia nilikula tende tatu, nikashushia bilauri kubwa ya juisi kwa pupa kwa sababu koo lilikuwa limekauka. Nusu saa haikupita, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka, tumbo likasokota, nikaharisha, nikajilaza natetemeka. Nikameza ibuprofeni mbili kwa ajili ya kichwa, nikalala bila kula.

Wanaojua habari ya upasuaji ni mume wangu na dada yangu tu. Mama mkwe tunaishi naye nyumba moja, na anaamini nimepungua kwa mazoezi. Nisipofunga ataniuliza. Ila kinachoniumiza zaidi ni nafsi yangu mwenyewe. Mgonjwa ana ruhusa, lakini mimi si mgonjwa! Natembea, nafanya kazi, sukari imeshuka. Upasuaji niliutaka mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Nitasimamaje mbele ya Mola wangu niseme sikufunga kwa sababu nilikwenda kukatwa tumbo kwa hiari yangu?

Kwa siku ya kawaida nakunywa vikombe vitano vya maji, vya mililita 200, navyo navihangaikia kutwa nzima. Nifunge hata nusu ya mwezi? Nifunge leo, kesho nipumzike? Niambie la kufanya, Shangazi.

Mwenye Kiu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Pole sana kwa kuanguka. Nashukuru umeamka salama, maana mtu akizirai bafuni anaweza kupasua kichwa kwenye sinki na wala asijue. Sitaki usome barua nzima ukitafuta jibu, kwa hiyo nalitoa sasa hivi: Ramadhani hii usifunge. Usifunge nusu ya mwezi, wala usifunge siku moja na kuacha nyingine. Utalipa, na njia ya kulipa nitakueleza. Lakini kwanza niondoe lile jiwe ulilojiwekea kifuani, kwa sababu nikikupa hesabu za maji na dawa huku nafsi inakusuta, utafunga kwa siri na utaanguka tena.

Unasema wewe si mgonjwa kwa kuwa upasuaji uliutaka. Hebu nikuulize: mtu mwenye ngiri akikubali kupasuliwa, naye tumwambie amejitakia? Unene wa kiwango ulichokuwa nacho ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linautambua hivyo, ugonjwa sugu. Ulikuwa na kisukari. Una presha hadi leo. Ulikwenda kutibiwa, na matibabu hayo hayajaisha siku ulipotolewa nyuzi. Mwili wako bado unashuka uzito na bado unajifunza kula upya. Anayeugua ana ruhusa, na anayeogopa kwa sababu ya kweli kwamba funga itamzidishia maradhi au itamcheleweshea kupona, naye wanazuoni wanamhesabu humo humo, hasa daktari anayeaminika akishasema. Wako ameshasema.

Fungua Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Agizo la kufunga na ruhusa ya mgonjwa vimewekwa pamoja, pumzi moja, na ni katika aya hiyo ya 185 ndipo Mwenyezi Mungu anaposema anatutakia mepesi wala hatutakii mazito. Ruhusa hiyo haikuletwa baadaye kwa ajili ya watu dhaifu wa imani. Imo ndani ya faradhi yenyewe. Ukiitumia unapostahiki, umetii.

Na kwa kuwa hali yako inatarajiwa kuimarika, kinachokuhusu ni kadha, kulipa siku kwa siku baadaye. Fidia ya kulisha maskini ni ya yule asiye na tumaini la kuweza kufunga tena. Siku za kadha kwa wanazuoni walio wengi si lazima zifuatane, na kwako hii ni rehema kubwa, utaona kwa nini. Undani wa hukumu mpelekee sheikhe unayemwamini, lakini mpelekee na maneno ya daktari kama yalivyo. Ukimwendea ukisema "mimi ni mzima, nimepungua tu", atakujibu kwa kadiri ulivyomwambia.

Sasa turudi kwenye Jumatatu yako, kwa maana imekupa somo ambalo hukulisoma.

Wewe ulijipima kwa njaa. Mchana ulipita bila njaa ukaona umeweza. Lakini baada ya upasuaji kama wako homoni za njaa hubadilika, na watu wengi hukaa muda mrefu bila kusikia hamu ya kula. Njaa iliyokuwa ikikuonya zamani imenyamaza, kwa hiyo usimsikilize mlinzi aliyelala. Mtu aliyepunguzwa tumbo mara nyingi humaliza mchana vizuri tu. Kinachomshinda ni usiku. Ndani ya saa chache za usiku anatakiwa kuingiza kila kitu ambacho mwili wake unahitaji kwa siku nzima, na mlango wa kuingilia ni mdogo: kifuko chako kilipotengenezwa kilikuwa na nafasi ya takriban mililita 30, kidogo kuliko yai la kuku. Kinapanuka kiasi kadiri miezi inavyokwenda, lakini hakirudi kuwa tumbo la zamani.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme magharibi inaingia saa 12:30 jioni na alfajiri saa 11:00. Una saa kumi na nusu. Toa saa 5 za kulala, ambazo ni chache. Zimebaki saa 5 na nusu. Utakula mara tatu, futari, mlo wa katikati na daku, kila mlo nusu saa kwa sababu unatafuna polepole, na baada ya kila mlo nusu saa nyingine bila kunywa, kama ulivyofundishwa, ili maji yasisukume chakula na yasijaze kifuko. Hizo ni saa 3. Umebaki na saa 2 na nusu, yaani dakika 150, na ndani yake unatakiwa kunywa angalau lita 1.5. Ni mililita 10 kila dakika, bila kupumzika, bila tarawehe, bila kumwangalia mtoto. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba unahangaika na lita moja tu kutwa nzima. Mwanangu, jibu la swali lako lilikuwemo ndani ya barua yako.

Na hapo sijaweka dawa. Kalsiamu, ambayo waliofanyiwa upasuaji wako huhitaji miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, haifyonzwi vizuri ukimeza zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja, kwa hiyo unaigawa mara mbili au tatu. Madini ya chuma yasikutane nayo, yakae mbali kwa saa 2. Kuna multivitamini. Kuna protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku kwa walio wengi, na bila hiyo mwili utapunguza misuli badala ya mafuta, nywele zitakatika na kidonda chochote kitachelewa. Mtu wa miezi 7 anayekula vijiko vichache kwa mlo hawezi kufikisha hayo yote usiku mmoja, sembuse usiku 29 au 30 mfululizo.

Kuna vitamini moja nataka uijue kwa jina, thiamini, yaani B1. Akiba yake mwilini hutosha wiki 2 hadi 3 tu. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu asipokula vizuri, na zaidi akiwa anatapika mara kwa mara, anaweza kuimaliza kabla mwezi haujaisha, na matokeo yake ni mishipa ya fahamu na ubongo: kuona vitu viwili viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Akichelewa kutibiwa, madhara mengine hayarudi nyuma. Ukimwona ndugu aliyepunguzwa tumbo anatapika siku mbili tatu huku akisema "nitamaliza mwezi tu", mpeleke hospitali, na waambieni wahudumu kuhusu upasuaji kabla hawajamtundikia dripu ya glukosi, kwa kuwa thiamini inatakiwa itangulie.

Yaliyokupata baada ya tende na juisi yana jina hospitalini, dampingi. Sukari nyingi ikiingia kwa kasi, kifuko hakina mlango wa chini wa kuizuia, inamwagika moja kwa moja kwenye utumbo mdogo. Utumbo unavuta maji mengi ndani yake, ndiyo moyo ukaenda mbio, jasho, tumbo kusokota, kuharisha. Na ulikuwa umekauka tayari! Kuna ya pili inayokuja kimyakimya, saa 1 hadi 3 baada ya kula: insulini inamwagika kwa wingi kuipokea sukari ile, kisha sukari ya damu inaporomoka kuliko inavyotakiwa. Hii huwatokea sana waliopita mwaka wa kwanza, kwa hiyo usidhani mwaka ukitimia umevuka kila kitu.

Ukitaka kufuata sunna ya kufungua, hadithi ya Anas inatuambia Mtume (s.a.w.) alikuwa akifungua kwa tende mbichi, asipopata kwa tende kavu, na asipopata basi kwa mafunda ya maji. Mafunda, si bilauri. Kwa mtu mwenye tumbo kama lako sidhani kuna maelekezo yaliyo bora kuliko hayo.

Ibuprofeni imenitisha kuliko tende. Palipounganishwa kifuko na utumbo ni mahali dhaifu, na dawa za jamii hiyo, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya maumivu, huweza kupachimba kidonda kinachovuja damu au kutoboka. Ulizimeza mbili juu ya tumbo tupu na figo zilizokosa maji. Kwa kichwa tumia parasetamoli, na mweleze daktari wako kwamba ulimeza hizo. Ukiona choo cheusi kama lami, au kutapika damu, usisubiri miadi.

Halafu kile kidonge cha presha. Kinatoa maji mwilini, na wewe huingizi ya kutosha. Uzito unaposhuka kwa kilo 33, presha nayo hushuka, na dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa kwa mwili wa sasa. Kuona giza ulipoinuka kunaweza kuwa sehemu ya hilo. Usikiache mwenyewe, nenda ukapimwe presha umelala na umesimama, wiki hii hii, ufunge usifunge.

Kuhusu kusubiri, utasikia maneno tofauti na isikuchanganye. Wapo madaktari wanaoruhusu baada ya miezi 6 kwa anayekula na kunywa vizuri na vipimo vyake viko sawa. Wengi wanataka mwaka mmoja, na wengine mwaka na nusu. Tofauti hiyo ni kwa sababu wagonjwa wanatofautiana. Wewe mwenye lita moja kwa siku na kidonge cha kukojoza usijiweke kwenye kundi la miezi 6.

Basi mwaka wako ukitimia, fanya hivi. Rudi kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya kufunga upimwe damu: wingi wa damu na akiba ya chuma, B12, vitamini D, figo, sukari. Ikiwa kitu kimepungua, muda huo unatosha kukirekebisha. Kisha anza na kadha, hapo ndipo ile rehema niliyokuambia. Chagua siku moja usiyokuwa na kazi nzito, funga, kesho yake kula na unywe, uone. Pima mkojo kwa macho yako: ukiwa wa rangi hafifu umefaulu, ukiwa mweusi hukufaulu, hata kama hukuanguka. Ukimudu siku moja kwa wiki kwa mwezi mzima bila kizunguzungu, jaribu mbili. Utaingia Ramadhani inayofuata ukiujua mwili wako, na usiwe unabahatisha.

Siku ya kufunga, anza na maji ya kawaida kwa mafunda madogo, dakika 15 au 20, uswali magharibi. Ndipo ule, protini kwanza, samaki au kuku au mayai au kunde, mboga, na wanga mwisho kama nafasi imebaki. Tende, ukiipenda, iwe moja au nusu, na iliwe pamoja na protini, isitangulie peke yake. Soda na vinywaji vya gesi achana navyo. Kati ya isha na kulala chupa ya maji isikutoke mkononi, uibebe hadi kwenye tarawehe. Daku icheleweshe mpaka karibu na alfajiri, ambayo pia ni sunna, na usiikose hata siku moja. Siku uliyopitiwa na usingizi ukaikosa ni siku ya kula. Usilale chali mara tu baada ya kula. Hili nawaambia zaidi wale ambao tumbo lao lilikatwa likabaki kama mrija, maana kwao asidi hupanda hadi kooni kwa urahisi.

Na ukiwa umefunga, yapo mambo ya kufungua papo hapo, hata ikiwa zimebaki dakika 20: kuzirai au karibu kuzirai, kutapika kusikokoma, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kutetemeka na jasho baridi. Mwenye kipimo cha sukari apime, kudunga kidole hakufunguzi, na ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (yaani 70 kwa kipimo cha mg/dL) afungue. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia kwa mtu wa baipasi ni ya kwenda hospitali hata usiku wa manane, kwani utumbo huweza kupenya kwenye nafasi zilizoachwa na upasuaji ukanasa. Mweleze mumeo haya yote. Ukianguka, yeye ndiye atakayeongea kwa niaba yako, na asipojua la kusema utapotea bure.

Jumatatu ulianguka alasiri na hukufungua. Ulidhani ni subira. Siku hiyo kufungua ndiko kulikokuwa wajibu wako, na natamani ungekuwa na mtu pembeni wa kukuambia.

Wasomaji Wakristo wameniandikia nao wakati wa Kwaresima, wengine wakiwa kwenye mifungo ya kavu ya siku tatu. Hesabu ya maji ni ile ile, na funga ya siku tatu bila maji kwa mtu aliyepunguzwa tumbo siipendekezi mwaka wowote. Ongeeni na mchungaji au padre. Kufunga chakula fulani au kujinyima kitu kingine mnachokipenda kupo tangu zamani.

Limebaki la mama mkwe. Siri ya mwili wako ni yako, huna deni la kumwonyesha mtu makovu. Lakini uongo wa mazoezi sasa unakugharimu, kwa kuwa unakulazimisha uigize uzima mbele yake mwezi mzima. Kuna njia ya katikati: mumeo, si wewe, akae na mama yake kabla ya mwezi kuandama amwambie, "Mama, mke wangu yuko kwenye matibabu ya tumbo, daktari amemzuia kufunga mwaka huu, atalipa." Kila neno hapo ni kweli. Akiuliza zaidi, "Mama, mengine ni ya daktari na mgonjwa wake." Huenda atanuna siku mbili. Huenda pia akakushangaza. Wazee wengi wanajua vidonge na miiko ya daktari kuliko sisi, nao wamewahi kukosa funga wakalipa kimya kimya. Ukiona amelipokea vizuri, siku moja utachagua mwenyewe kumwambia lililobaki.

Mchana wa Ramadhani kula na kunywa kwa wakati wako, chumbani kama hutaki macho ya watu. Quran ipo, sadaka ipo, tarawehe ipo, na futari ya watu wa nyumba yako itaandaliwa na mikono yako. Hujafungiwa mwezi.

Leo hii, kabla hujalala, ongeza kikombe cha sita, taratibu, na ile ibuprofeni itoe kwenye mkoba wako. Majibu ya presha yakitoka, niandikie.

Shangazi